Maswali ya Wasomaji: Joto katika Mguso Mdogo wa Nikeli

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi redio na jioni hujisomea fizikia. Nimesoma kwamba ncha kali ya nikeli ikigusishwa na kipande kingine cha nikeli, ukinzani wa mguso hupanda kadiri volteji inavyoongezwa, kisha karibu na volti 0.2 kupanda huko hupungua ghafla. Je, ni joto? Na mbona mguso mdogo hauungui upesi kuliko mkubwa?
Msomaji, Kariakoo, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, ni joto, na swali lako la pili ndilo lenye uzito zaidi. Mtu aliyezoea fyuzi hutarajia kwamba palipo pembamba ndipo patakapoungua kwanza. Lakini shingo ya mguso, yaani sehemu nyembamba ambapo vipande viwili hugusana, ni fupi mno, na huku na huku imeshikana na metali nene iliyo baridi. Umeme na joto hubebwa humo na elektroni zilezile, kwa hiyo pakibana kwa umeme, hubana kwa joto kwa kadiri ileile. Ndiyo maana ukubwa wa mguso hutoka katika hesabu, ikabaki volteji peke yake.

Ukianzia katika baridi ya heli kimiminika, kelvini 4.2, kila milivolti hupandisha joto la katikati ya shingo kwa takriban kelvini 3.2. Kwa hiyo milivolti 200 hivi huifikisha nikeli kelvini 627, yaani nyuzi 354 za Sentigredi, ambapo hupoteza usumaku wake. Katika joto la Dar es Salaam, milivolti 170 hivi zingetosha.

Kabla ya hapo, joto huvuruga mpangilio wa sumaku ndogo za atomi, na elektroni hutawanywa zaidi na zaidi. Mvurugiko ukishakamilika, hauna pa kuongezeka. Hubaki mtikisiko wa atomi tu, na ukinzani hupanda polepole. Nakiona kipindo hicho, yaani pale ambapo kupanda kwa ukinzani hupungua ghafla, kuwa kitu cha thamani sana, kwa kuwa ni kipimajoto mahali ambapo kipimajoto hakiingii. Kwa chuma safi, kinachopoteza usumaku kwenye nyuzi 770, kipindo hutarajiwa karibu na milivolti 330.

Kanuni hii ina mpaka. Mwanafizikia Yuri Sharvin alionyesha mwaka 1965 kwamba shingo ikiwa nyembamba kuliko umbali ambao elektroni husafiri bila kugongana, elektroni hupita moja kwa moja na kuacha nishati yake mbele, ndani ya metali nene. Kwa hiyo ukipima mguso wa nikeli na kipindo kisionekane, huenda shingo yako ni nyembamba kiasi hicho.