Mume ananiita bahili, kanisani wanasema sina imani

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nimeokoka, na mume wangu tunasali naye kanisa moja. Mwaka jana mshahara wake ulipunguzwa, na tangu hapo mimi ndiye ninayeshika matumizi ya nyumbani. Nashona zilizochanika, za mkubwa napunguza zimfae mdogo, chakula hakitupwi, na kila senti naiandika kwenye daftari. Mume wangu ni mtu mwema, ila mkono wake mwepesi. Akiombwa hutoa, hata kama ni hela ya ada. Sasa ananiita bahili. Juzi tulipogawiwa fomu za ahadi ya ujenzi wa kanisa nikaandika kiasi kidogo, na mwenzangu wa kikundi cha maombi akaniambia sina imani: ningeandika kikubwa, Mungu angejua pa kukitoa. Imeniuma sana. Nina akiba kidogo kwenye bahasha, chini ya nguo za kitindamimba wetu alipokuwa mchanga. Mume wangu hajui. Je, ninamkosea Mungu?
Mama wa Watatu

Marahaba, mwanangu.

Hilo la ahadi tulimalize mapema. Paulo alipowachangisha Wakorintho kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, mchango huo aliutaka kwa moyo wake wote, hata alikuwa amekwisha kuwasifia kwa Wamakedonia. Hata hivyo aliwaambia kwamba nia ikiwepo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho, si kwa kadiri ya asicho nacho (2 Wakorintho 8:12). Basi ulichoandika ni sadaka kamili. Kitoe siku uliyoahidi.

Najua utatajiwa yule mjane wa Marko 12 aliyetia senti zake mbili. Alitoa kilichokuwa mkononi mwake. Hakukopa, wala hakuandika cha kutafutwa baadaye. Na mistari michache tu kabla yake, Yesu anawakemea waandishi wanaokula nyumba za wajane. Wanaopenda kuusoma mstari wa 44 wausome na wa 40.

Na huko kushona na kupunguza nguo usikuonee haya hata kidogo. Mjane wa 2 Wafalme 4 alipomlilia Elisha, mdai akiwa njiani kuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa, nabii alimwuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na chupa ya mafuta tu. Muujiza ukaanzia kwenye chupa hiyo na vyombo vilivyoazimwa kwa majirani, na mafuta yalipojaa akaambiwa auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Deni kwanza! Yesu naye alikwisha kulisha wanaume 5,000 kwa mikate mitano, angeweza kuzidisha tena kesho yake, na bado akaagiza mabaki yakusanywe. Vikajaa vikapu 12. Kwa hiyo anayekucheka kwa chakula usichotupa hakucheki wewe peke yako.

Lakini kuna sentensi moja umeipitisha mwishoni kana kwamba si kitu, nami nimeisoma mara nyingi kuliko barua yako yote. Ile bahasha.

Nadhani haimo kwenye daftari. Wakili ni mtunzaji wa mali ya mwingine, na katika Luka 16 jambo la kwanza analoambiwa ni kutoa hesabu. Wewe hesabu unaiandika vizuri, ila fungu kubwa kuliko yote umelitoa nje ya hesabu. Sababu naijua: ukimwonyesha, litakwenda kwa wa kwanza atakayebisha hodi. Ni hofu ya mama, siidharau. Hata hivyo, yule mtumwa wa tatu katika Mathayo 25, aliyefukia talanta moja ya fedha aliyokabidhiwa na bwana wake, hakuiba. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari ndiyo iliyokuwa ujira wa kibarua kwa siku. Alifukia malipo ya karibu miaka 20 na kuyarudisha yakiwa kamili. Alipoulizwa akasema aliogopa. Sikuiti mtumwa mlegevu, mwanangu. Nasema hofu ni mshauri mbaya wa fedha.

Tena fikiria anachokiona mume wako. Anaona mkono unaofumba tu. Hajui kwamba ada ya muhula ujao iko chini ya nguo za mtoto wake. Mtu anayeona kubanwa bila kuona kinachokusudiwa ataita ubahili, na sioni kwa nini asiite hivyo.

Basi chagueni jioni watoto wakiwa wamelala. Weka daftari na bahasha mezani, mhesabu pamoja. Omba radhi kwa kuficha. Usiombe radhi kwa kuweka akiba. Kisha gaweni: la ada na kodi, la dharura, na la kutoa. Hilo la kutoa mkabidhi yeye. Ule mkono mwepesi ni karama, Paulo anaitaja katika Warumi 12, na karama hainyang'anywi, inapewa mpaka. Fungu likiisha atasema mwezi huu sina, na atakuwa amesema kweli. Nawe utoe humo pia, kwa mkono wako, maana kuna watu walioanza kubana kwa sababu ya shida, shida ikapita na mkono ukabaki umefumbwa. Usifike huko.

Ungeniambia anacheza kamari au anakupiga, ningekujibu vingine kabisa: fedha ya kumtoa mama na watoto hatarini haiombewi ruhusa kwa anayewatia hatarini. Lakini huyu umemwita mtu mwema, nami nimekuamini.

Akikasirika kwa kufichwa, ana haki. Mpe siku chache. Mkishindwa kuelewana juu ya mafungu, tafuteni wanandoa wakubwa mnaowaheshimu nyote wawili wakae nanyi, na wasiwe watu wa kamati ya ujenzi.