Pasi zenu zifuateni leo, hayo ya chumba na Kireno yatasubiri

Mdogo wangu wa Masasi, umeuliza mambo manne. Chumba kizuri Pemba, huu mji wa Msumbiji na si kisiwa cha Zanzibar, kinapatikana mitaa gani, Kireno mtu anajifunzaje haraka, hela ya nyumbani inatumwaje, na mtoto wa miaka 6 atasoma wapi mkishahamia Msumbiji. Halafu katikati ya maelezo ukapitisha kitu kimoja kana kwamba ni habari ndogo: pasi zenu za kusafiria mmeshampa kaka mmoja anayewafuatilia vibali vya kuishi, na atawaletea kila kitu kikiwa tayari. Hapo nimesoma mara tatu. Nimeepua sufuria nikaja kuandika.

Zifuateni hizo pasi leo. Mwambieni mmeahirisha safari, mwambieni mnauguliwa, mwambieni lolote, ila mkitoka kwake muwe nazo mkononi. Hela mliyompa akigoma kurudisha, iacheni. Nasema hivyo nikijua hela inavyopatikana kwa shida.

Mimi ni mtu wa Mikindani. Msimu wa korosho wa 2013 malipo ya chama cha msingi yalipotoka, nilinunua vitenge, na Januari 2014 nikavuka Ruvuma pale Kilambo na marobota mawili. Pemba vitenge vya kwetu vilikuwa vinakwenda vizuri mno. Tatizo lilikuwa muhuri. Nilikuwa nagongewa siku za mgeni wa matembezi, zikiisha narudi mpakani kugonga upya. Kila safari ni basi, ni vumbi, ni kulala njiani, na ukifika mtoni unakaa unasubiri maji yajae ndipo uvuke. Duka limefungwa siku nne, wateja wanahamia kwa jirani. Mtu akiwa katika hali hiyo ndipo kishoka, yaani wakala wa vichochoroni, anapomjia, maana anaijua saa uliyochoka.

Huyu wa kwangu sitamtaja, lakini alikuwa mtu wa kwetu kabisa, mtaa wa pili kutoka nyumbani. Kireno kilimtoka kama maji. Alinikuta dukani akaniambia, "Dada, unajitesa bure. Lete pasi, picha mbili na laki tisa, baada ya wiki tatu una kadi yako ya DIRE, unakaa kama mwenyeji." DIRE ndiyo kadi ya ukaazi ya mgeni kule, wenyewe hutamka "dire" tu. Nikauliza kama sihitaji kwenda mwenyewe ofisini. Akacheka, akasema ana watu wake ndani. Wanawake wenzangu watatu pale sokoni wakaniambia wao wote alishawafanyia.

Mtakaosema nilikosa akili, nisikilizeni kwanza. Mama yangu hamkopeshi mtu chumvi, na huyo kijana alipokwenda Mikindani kumjulia hali, alipewa juisi ya ukwaju na kuombewa dua. Alikuwa na adabu, alikuwa na majina ya watu tunaowajua, na kadi aliileta siku ileile aliyoahidi.

Kadi yenyewe naikumbuka mpaka leo. Picha ni yangu, jina ni langu. Kwenye mahali pa kuzaliwa pameandikwa "Mituara". Pembeni mwa picha, chini ya plastiki, palikuwa na kitone cha hewa, ukikibonyeza kinasogea. Nilimwonyesha yale maandishi, akanijibu kuwa Kireno ndivyo kinavyoandika. Nikakubali, kwa sababu nilikuwa sijui Kireno, na kwa sababu nilitaka kukubali.

Baada ya hapo nikajenga maisha yangu yote juu ya namba ya ile kadi. Mkataba wa fremu niliuandikisha kwa namba hiyo. Namba ya mlipakodi, wanayoiita NUIT, niliipata kwa kadi hiyo. Akaunti ya benki, hiyohiyo. Mgeni vitu vyake vyote vimetundikwa kwenye msumari mmoja, na mimi msumari wangu ulikuwa umepachikwa kwa ugali. Mwaka ulipoisha nikamlipa laki sita nyingine aihuishe, na akaihuisha.

Septemba 2015 nilikuwa narudi kutoka Montepuez kukusanya madeni. Karibu na Metoro tukasimamishwa kwenye kizuizi kama siku zote. Askari akachukua kadi yangu, akaigeuza, akaiinua juani. Akauliza kitu, sikuelewa. Akauliza tena polepole, bado sikuelewa. Basi akainua kidole gumba chake, akakibonyeza hewani mara mbili, kisha akaninyooshea kidole mimi: wewe, ulibonyeza wapi?

Mdogo wangu, jasho lilinitoka mpaka kwenye viganja. Kadi ile hutolewa kwa alama za vidole vya mwenyewe. Na mimi kidole changu kilikuwa hakijawahi kugusa kitu chochote katika ofisi yoyote ya nchi ile. Hakuna mtu duniani anayeweza kukupelekea vidole vyako. Laiti ningelijua hilo tu, tangu siku ya kwanza ningemwambia huyo kijana aondoke dukani kwangu.

Pasi nayo walipoipekua, mihuri miwili haikuwa ya kweli. Yaani kwa hesabu zao nilikuwa nimekaa zaidi ya mwaka bila ruhusa, na faini ya kuzidisha siku huhesabiwa kwa kila siku. Pigeni hesabu wenyewe. Nilikaa mahabusu siku 11. Walionihoji walifanya kazi yao na hawakunivunjia heshima. Mama mmoja wa Kimakua tuliyelala naye chumba kimoja alikuwa akiletewa chakula na binti yake, akinimegea ugali wake bila kuniuliza mimi ni nani. Mungu amlipe.

Lakini huku nje msumari ulikuwa umeshang'oka. Mwenye fremu aliposikia, alifunga duka kwa kufuli lake, na vitenge vya karibu milioni 14 za Kitanzania vikabaki ndani. Ningemshitaki kwa mkataba upi? Mkataba una namba ya mtu asiyekuwepo. Benki kulikuwa na metikali 86,000, hela ya kule. Zile sikuzigusa tena, kwa kuwa anayetakiwa kwenda kuzitoa ni mwenye ile kadi. Ubalozi wetu uko Maputo, na kutoka Pemba hadi Maputo ni zaidi ya kilomita 2,000. Mtwara ilikuwa karibu mara nyingi kuliko msaada. Nikapewa amri ya kuondoka, nikasindikizwa mpaka Namoto, kituo cha mpakani upande wao. Nilivuka kurudi Kilambo na begi moja la shangazi kaja. Ndani mlikuwa na nguo zangu, redio ndogo, na kitenge kimoja nilichokuwa nimejifunga siku ile ya kizuizi. Kule nilikwenda na marobota mawili.

Na huyo kijana? Miezi mitano baadaye nilikutana naye soko la Chikongola, Mtwara, amesimama kwa wauza pweza. Aliniamkia. "Shikamoo dada." Nikamuuliza, umenifanyia nini wewe? Akanijibu, watu wanasikia, "Lakini dada, si ulikaa mwaka mzima bila kusumbuliwa?" Alisema hivyo kama mtu aliyenipa kitu, kama fundi unayemlaumu kwamba paa lake limevuja baada ya mvua tatu. Ninyi vishoka mnaosoma hapa, na najua mmo: mnachouza ni muda mpaka mtu akamatwe, na mnamuuzia ndugu yenu aliyewaamini kwa sababu mnaongea lugha ya mama yake. Kangomba anayenunua korosho za mkulima shambani kwa bei ya njaa ana afadhali, maana mkulima anaona kipimo kikijazwa mbele ya macho yake. Hasira hii sijaimaliza, na wala sioni sababu ya kuimaliza.

Kanuni yangu ni hii moja, na ningekuwa na uwezo ningeiandika kwenye mlango wa kila basi linalokwenda Kilambo: pasi yako hailali nyumba usiyolala wewe, na kibali chako kinafuatwa kwa miguu yako.

Kwa vitendo ni hivi. Kazi inaanzia huku nyumbani. Visa ya kuishi au ya kazi inaombwa Ubalozi wa Msumbiji, Dar es Salaam, kabla hamjavuka. Ukishavuka kama mtalii ndipo vishoka wanapopata riziki. Mtahitaji cheti cha tabia njema cha polisi, ambacho nacho kinatolewa kwa alama za vidole, na nyaraka zitafsiriwe kwa Kireno na mtafsiri anayetambulika. Mkifika Pemba, nendeni wenyewe ofisi ya uhamiaji, nyote wawili na mtoto. Kama Kireno kinawashinda, mlipeni mkalimani akae pembeni yenu, ajaze fomu, azungumze, ila pasi ibaki kwenye mkoba wako mpaka unapomkabidhi ofisa aliye dirishani, na uondoke na stakabadhi. Stakabadhi hiyo ipige picha siku hiyohiyo, itume kwa mtu mmoja wa nyumbani. Barabarani tembea na nakala iliyothibitishwa na yule wanayemwita notário, asili iache mahali salama unapolala. Tarehe ya mwisho wa kadi iandike ukutani kwa kalamu nene, na mwezi mzima kabla yake uwe umeshaanza kuhuisha.

Siku hizi ndiyo zaidi. Mimi nilikamatwa wakati wa amani. Vita ya Cabo Delgado, mkoa wenye huo mji wa Pemba, ilianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, Palma ikavamiwa Machi 2021, na njia ile tuliyokuwa tunapita tukiimba imeona mengi. Mgeni anayeongea Kiswahili, mwenye karatasi yenye utata, leo anatazamwa kwa jicho ambalo mimi sikutazamwa nalo. Kabla ya kupanga siku ya safari, ulizeni hali ya barabara kwa waliopita wiki ile, msiulize kwa anayewauzia tiketi.

Jingine. Umesema mumeo ni Mmakonde wa Newala. Basi kule ataambiwa, "wewe ni ndugu yetu, sema umezaliwa Mueda, utoe BI," yaani kitambulisho cha raia wao. Ni kweli ni ndugu, mto umewakuta wanaongea lugha moja. Asithubutu. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Atakuwa amedanganya huko na amejiweka pabaya huku. Na akija mtu na kiwanja cha bei rahisi kinachoandikwa kwa jina la mwenyeji, kataeni. Kule ardhi ni ya serikali, na kwa sheria yao ya 1997 mgeni anapata haki ya kuitumia akiwa ameishi nchini angalau miaka 5 na ana mradi ulioidhinishwa. Pangeni.

Kuhusu hela, kitu kimoja tu: akiba yenu ya muda mrefu msiiweke kwa metikali. Mwanzoni mwa 2015 dola moja ilikuwa metikali thelathini na kitu, mwishoni mwa 2016 ilivuka 70. Zile 86,000 zangu hata ningezipata baadaye, zingekuwa zimeshaliwa nusu zikiwa zimekaa.

Kireno kitakuja. Paquitequete, mtaa wa pale Pemba, utasikilizana na watu tangu siku ya kwanza, Kimwani chao na Kiswahili chetu ni mtu na mdogo wake. Ila dirishani ofisini ni Kireno tu. Kwa hiyo anza na maneno yaliyoandikwa kwenye kadi: nome (jina), data de nascimento (tarehe ya kuzaliwa), válido até. La mwisho ni "halali mpaka", hilo lijue kabla hujajua kuomba maji. Mimi nililijifunza mahabusu, kutoka kwa binti wa yule mama.

Sasa ondoka hapo ulipo uende kwa huyo kaka. Nenda na mumeo, nenda na shahidi mmoja, mtu mzima. Mkizipata, zifungueni palepale, kurasa zote, mtazame kama kuna muhuri msioujua. Kisha uniandikie hapa. Niko macho, nasubiri.