Kwa nini dawa za VVU haziachwi hata virusi visipoonekana

Ndugu wa Kondoa, umeuliza kwa nini CTC (kliniki ya matunzo na tiba ya VVU) wanamtaka kaka yako aendelee na vidonge ilhali kipimo kimeonyesha virusi havionekani. Sababu imejificha ndani ya seli.

Kirusi hushika seli ya CD4, seli ya kinga ya mwili, na kuingiza nyuzi 2 za RNA, yaani vinasaba vyake. Kimeng'enya chake huzinakili kuwa DNA, tena kwa makosa mengi, ndiyo maana usugu dhidi ya dawa huzuka haraka. Kimeng'enya kingine, integrasi, huipachika DNA hiyo kwenye vinasaba vya seli. Hapo ndipo penye kazi: ikishapachikwa, dawa haiing'oi. Baadhi ya seli hizo hulala miaka mingi bila kutengeneza kirusi hata kimoja, hivyo kinga haizitambui.

Kidonge cha TLD kina tenofoviri na lamivudini, miligramu 300 kila moja, zinazozuia kunakili, na dolutegraviri miligramu 50 inayozuia upachikaji. Akiacha, seli zilizolala zinaamka na ndani ya wiki chache virusi vinarudi.

Tafadhali mwangalie na hili: akinywa vidonge vya madini chuma tumbo likiwa tupu, dolutegraviri hainyonywi vizuri. TLD itangulie kwa muda wa saa 2, au avinywe vyote pamoja na chakula.