Maswali ya Wasomaji: Je, Nimekwisha Kuimaliza Miaka Yangu ya Afya?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu ninayeishi Isamilo, hapa Mwanza, na mwezi uliopita nimetimiza miaka 66. Nilisikia redioni kwamba binadamu anatarajiwa kuishi miaka sabini na kitu, lakini miaka yenye afya haifiki hata 62. Mimi bado napanda mlima kwenda kwangu kila siku bila fimbo. Je, nimekuwa nikiishi kwa miaka ya kuazima? Na hesabu hiyo hufanywaje? — *Mwalimu Mstaafu, Isamilo*

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Hujaazima mwaka hata mmoja. Takwimu uliyoisikia bila shaka ni ya Shirika la Afya Duniani, ambalo limekadiria kwamba mwaka 2021 wastani wa umri wa kuishi duniani ulikuwa miaka 71.4, na wa kuishi kwa afya miaka 61.9, baada ya yote mawili kushushwa na UVIKO-19. Namba hizo, hata hivyo, ni za mtoto anayezaliwa. Ndani yake wamo watoto watakaofariki kabla ya kutimiza miaka mitano, vijana watakaokufa kwa pikipiki barabarani, na akina mama watakaopoteza maisha wakati wa kujifungua. Wewe umekwisha kuyavuka hayo yote, na kwa hiyo hesabu yako huanzia pale ulipo: kila umri una mstari wake katika jedwali la miaka ya kuishi, na mtu wa miaka 66 hasomi mstari wa mtoto mchanga.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe. Mwaka 1964 mtaalamu wa Marekani, Barkev Sanders, alipendekeza kwamba afya ya jamii isipimwe kwa vifo peke yake, bali pia kwa uwezo wa watu kufanya shughuli zao. Mwenzake, Daniel Sullivan, aliandika mwaka 1971 njia nyepesi ya kulifanya jambo hilo, na hadi leo njia hiyo ndiyo inayotumika zaidi kuhesabu miaka ya kuishi bila ulemavu. Inahitaji vitu viwili tu: jedwali la vifo kwa kila umri, na asilimia ya watu wenye ulemavu katika kila umri. La kwanza hutuambia kundi la watu litaishi jumla ya miaka mingapi. La pili hutuambia ni sehemu gani ya miaka hiyo tuiondoe.

Nitakupa mfano wa kubuni, kwa kuwa mwalimu haridhiki mpaka aone ubao. Chukua watu 1,000 waliotimiza miaka 60. Tuseme vifo vya umri huo vinaonyesha kwamba, wakijumlishwa wote, wataishi miaka 8,600 kati ya umri wa 60 na 69, miaka 5,600 kati ya 70 na 79, na miaka 2,800 kuanzia 80 kwenda mbele. Jumla ni 17,000. Gawanya kwa watu 1,000, unapata miaka 17 ya kuishi kwa kila mmoja kwa wastani. Halafu tuseme utafiti wa kaya umeona ulemavu kwa asilimia 20 ya kundi la kwanza, asilimia 40 ya la pili na asilimia 70 ya la tatu. Ukiondoa sehemu hizo, zinabaki 6,880, 3,360 na 840, yaani 11,080. Kwa hiyo, kati ya miaka 17, takriban 11.1 ni bila ulemavu na 5.9 ni pamoja nao. Basi, hakuna uchawi mwingine. Kalamu na karatasi vinatosha.

Mahali ambapo wengi hukosea, na waandishi wa habari tumo, ni katika kuyasoma matokeo. Husomwa kama ratiba ya kivuko cha Nansio: utasafiri miaka 11 ukiwa mzima, kisha utashuka gatini na kuanza miaka sita ya ulemavu. Sivyo. Katika wale 1,000 yumo aliyezaliwa bila kusikia, yumo aliyevunjika nyonga akiwa na miaka 62 akatibiwa akapona, na yumo atakayeamka mzima siku yake ya mwisho. Wastani umewachanganya wote. Tena hesabu haimfuati mtu yeyote hadi mwisho wake. Huchukua vifo na ulemavu wa mwaka mmoja na kuuliza ingekuwaje kama hali hiyo ingedumu kwa maisha yote. Ulemavu wa wazee wa leo ni matokeo ya miaka iliyopita, kazi za zamani na hospitali za zamani, na wajukuu wao huenda wasiupitie kabisa.

Lakini swali linalonisumbua zaidi mimi ni nani anayehesabiwa kuwa na ulemavu. Tafiti nyingi siku hizi hutumia maswali sita ya Kundi la Washington, lililoundwa mwaka 2001 chini ya Umoja wa Mataifa: kuona, kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka na kuzingatia, kujihudumia, na kuwasiliana. Kila swali lina majibu manne: hakuna shida, shida kidogo, shida kubwa, na siwezi kabisa. Kwa kawaida anayehesabiwa ni yule aliyejibu “shida kubwa” au “siwezi kabisa” katika jambo moja au zaidi. Neno “ulemavu” lenyewe halitamkwi, na kwa makusudi, kwa sababu wazee wetu wengi watakuambia hawana ulemavu, wana uzee.

Niliwahi kufanya kazi ya kuhoji kaya kule Mabatini, ambako nyumba zimepandana juu ya mawe. Nilimkuta bibi mmoja ameketi kwenye jiwe mbele ya mlango wake, akichambua mawe katika ungo wa mchele kwa vidole tu, uso wake ukitazama upande wa ziwa. Nikasoma kama nilivyofundishwa: “Shikamoo bibi. Je, unapata shida kuona, hata ukivaa miwani?” Akacheka. “Marahaba. Miwani ipi, mjukuu wangu?” Nikamuuliza kuhusu kutembea na kupanda ngazi. Akasema hana shida. Ila hajashuka barabarani tangu Pasaka. Kwa nini? Njia ni ya mawe, haoni pa kukanyaga. Katika fomu yangu alikuwa na shida kubwa ya kuona na hakuna shida ya kutembea. Kama kilichomziba macho ni mtoto wa jicho, na ukiondolewa kwa upasuaji, ambao mara nyingi huisha siku hiyo hiyo, bibi yule angehama kutoka upande mmoja wa hesabu ya Sullivan kwenda upande wa pili bila umri wake kuongezeka hata siku moja. Ndiyo maana napenda kipimo hiki kuliko umri wa kuishi peke yake: kinaweza kusogezwa na miwani, na ngazi ya saruji yenye mahali pa kushikia.

Niongeze kwamba kipimo cha Shirika la Afya Duniani ulichokisikia si hiki hasa, ingawa ni ndugu yake. Kile hakigawi watu makundi mawili. Hupima kila maradhi kwa uzito wake, ili mwaka wa kuishi na upofu upunguzwe zaidi kuliko mwaka wa kuishi na usikivu hafifu. Ni makini zaidi kwa upande mmoja, lakini mtu wa kawaida hawezi kukihakiki kwa kalamu yake.

Kwa upande wa vifo, nchini mwetu kazi ni ngumu kwa sababu wengi huzikwa bila kifo kusajiliwa. Sensa huziba pengo kwa kuuliza kila kaya kama kuna aliyefariki katika miezi 12 iliyopita. Na hapa jirani yetu, Kisesa wilayani Magu, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu wamekuwa wakizirudia kaya zile zile tangu mwaka 1994, wakiandika waliozaliwa, waliohama na waliofariki. Lengo la awali lilikuwa UKIMWI, lakini daftari la namna hiyo ndilo hasa anayetengeneza jedwali la vifo hulitamani.

SWALI: Nimesoma kwamba wanawake wanaishi zaidi ya wanaume lakini ndio wenye miaka mingi ya ulemavu. Mbona kama ni adhabu? — *Msomaji wa Nansio, Ukerewe*

JIBU: Dada yangu, umesoma sawasawa, na hali hiyo imeonekana katika nchi nyingi, tajiri kwa maskini. Sehemu ya sababu ni hesabu tupu: anayefika miaka 80 hufika pale ambapo asilimia ya ulemavu ni kubwa, na wanaofika wengi ni wanawake. Sehemu nyingine ni aina ya maradhi. Wanawake hupata zaidi yale yanayotesa bila kuua, kama ya viungo na mgongo, ilhali wanaume huondolewa mapema na moyo, ajali na, kwa sisi wa kandokando ya ziwa, maji. Mvuvi aliyezama akiwa na miaka 30 hana hata mwaka mmoja wa ulemavu katika jedwali. Nani atamwonea wivu?

SWALI: Chama chetu cha wastaafu kina wanachama 80. Tunaweza kujihesabia wenyewe miaka yetu bila ulemavu? — *Katibu, Nyegezi*

JIBU: Maswali sita mnaweza kuulizana, na ningewashauri mfanye hivyo, maana mtajua nani anahitaji miwani na nani hawezi tena kupanda daladala kuja mkutanoni. Hesabu ya miaka bila ulemavu, hapana. Kwa watu 80, vifo vya mwaka huenda vikawa viwili au visiwepo kabisa, na hapo jedwali halijengeki. Ingebidi muazime la taifa. Ulemavu nao utayumba. Tuseme waliofikisha miaka 80 ni wanne na wawili kati yao wana shida kubwa ya kutembea. Hiyo ni asilimia 50. Mzee mmoja akiteleza bafuni, imekuwa 75. Akipona mwezi wa tatu, imerudi 50, na katibu itabidi afute ubao.