Pimeni bomba la mwisho

Dada, umeuliza kama kuona klorini, dawa ya kuua vijidudu, ikitiwa kwenye tenki la kijiji huko Newala kunatosha. Hakutoshi. Klorini huliwa njiani na uchafu, na maji yakikatika bomba lenye ufa hunyonya tope la nje (mgawo huku kwetu tunaujua!). Fundi wa jumuiya ya maji apime klorini iliyobaki kwenye kituo cha kuchotea maji cha mwisho kabisa, isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Asiseme "nimenusa, ipo". E. koli, bakteria wa kinyesi, nayo lazima iwe sifuri kwenye mililita 100, ila hiyo ni kazi ya maabara. RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilaya watawaelekeza. Majibu yabandikwe ofisi ya kijiji. Kwa sasa ya kunywa chemsheni.