Laptopu ikigoma katikati ya shoo

Bro, umeuliza ubebe nini ndiyo harusi unayopiga kama DJ pale Kondele, Kisumu, isinyamaze laptopu ikizima. Beba flashi mbili za GB 32 zenye nyimbo zilezile, zilizohamishwa kupitia rekordbox, programu ya DJ ya kupanga nyimbo. Ukiburuta mafaili tu, alama zako za kuanzia wimbo haziji. Zifomati FAT32 (mfumo wa kupanga mafaili kwenye flashi), kwa sababu CDJ-2000NXS2, ile mashine ya DJ ya kuchezea nyimbo, haisomi mifumo ya NTFS wala exFAT. Wengi huumbukia hapo. MP3 ya 320 kbps ya dakika nne hula takriban MB 10, kwa hiyo nyimbo 2,500 zinaingia vizuri. Usichomoe flashi kabla ya kuisimamisha kwenye mashine, orodha ya nyimbo inaweza kuharibika. Kwenye simu weka miksi ya dakika 30, ubebe na waya wa RCA wa kuiunganisha na mitambo ya sauti, kisha uiweke simu hali ya ndege, shangazi asipige katikati ya chakacha.