Filimbi ya Plastiki: Je, Noti za Juu Zinashuka kwa Kosa Langu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanakwaya hapa Moshi. Nimeazimwa filimbi ya plastiki ya matundu sita, ya mtindo wa Ayalandi, na mwenyewe yuko tayari kuniuzia kwa bei nafuu. Noti za chini zinatoka vizuri, lakini za oktava ya pili, yaani zile za juu, zinashuka chini ya sauti ya kinanda chetu. Je, kosa ni langu au ni la plastiki?

JIBU: Ndugu msomaji, usiilaumu plastiki. Filimbi nyingi nzuri za aina hii huchongwa kwa mpingo, mti unaoota katika ardhi yetu wenyewe, lakini mpingo huweza kupasuka ukikauka ghafla na huhitaji kupakwa mafuta, ilhali plastiki unaisafisha kwa maji ukaendelea kupiga. Kinachoamua sauti ni umbo la ndani. Filimbi ya Kiayalandi ya asili hupungua upana kuelekea mwisho, na huko kupungua ndiko kunakozilinganisha oktava mbili. Zile za bei ya chini mara nyingi hukatwa kutoka bomba lililonyooka, kwa hiyo noti za juu hushuka hata mpigaji awe hodari.

Kabla hujakata tamaa, kitazame kizibo kilicho karibu na tundu la mdomo. Kikiwa kimerudi nyuma mno, noti za juu huzidi kushuka. Umbali kutoka kizibo hadi katikati ya tundu hilo unapaswa kukaribiana na upana wa ndani wa filimbi hapo, yaani milimita 19 hivi, nawe ukisogeze kidogo kidogo kwa kijiti.

Baridi nayo hudanganya. Nilipoijaribu ya kwangu Arusha, asubuhi moja ya Julai, kila noti ilikuwa chini. Nikaziba matundu yote sita, nikaipulizia pumzi ya joto polepole kwa dakika tano hivi, na sauti ikapanda yenyewe. Vidole vyangu ndivyo vilivyonisumbua zaidi, kwa kuwa matundu ya mkono wa chini yameachana sana, hadi nilipojifunza kuyaziba kwa nyama ya pingili ya kati badala ya ncha za vidole.

Omba ubaki nayo wiki mbili. Ikiwa noti ya D ya juu itakaa sawa na kinanda bila kuilazimisha kwa pumzi kali, mlipe mwenyewe, isipokaa, mrudishie.